Kuezua au kuezeka juu ya bati la zamani? Njia za kubadilisha paa, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Dukani utaulizwa rangi ya bati na geji, yaani unene wake. Namna ya kulipiga haulizwi, na hiyo ndiyo inayoamua kama masika yatakukuta mkavu. Bati letu huku Zanzibar linakula upepo wa chumvi mwaka mzima, kaskazi ikitoka kusi inaingia. Kwa hiyo nimezipanga njia zenyewe kwa kadiri ninavyoziamini.

1. Kuezua lote, kisha skrubu

Kama pesa ipo, usifikirie nyengine. Bati la zamani linashuka, kenchi zinaonekana, mbao iliyooza au kuliwa na mchwa inatoka, mpya inapakwa dawa ndipo iingie. Kisha bati linafungwa kwa skrubu zenye washa ya mpira. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, na mchezo huo humng'oa msumari kidogo kidogo. Skrubu ina meno, inashikilia.

Lakini kaa hapo uangalie. Mpira ukikazwa mpaka ukafurika pembeni, utapasuka mapema. Ukiachwa umelegea, maji yanapita. Ukae bapa, na ukiusukuma kwa kidole usizunguke. Kwa bati la mawimbi skrubu ipite mgongoni, maana bondeni ndiko maji yanakoteremka. Mapandano ya juu na chini yasipungue sentimita 15, ya ubavuni wimbi moja na nusu. Kwenye kingo, pembe na kofia (bati linalofunika kilele cha paa) skrubu ziwe karibu karibu zaidi, upepo huanza kunyanyulia huko. Bati likatwe kwa mkasi wake. Cheche za grenda huunguza rangi, na chengachenga za chuma zikibaki juu ya paa huota kutu na kulitia madoa.

2. Upande mmoja mmoja, kwa skrubu

Hii ni ya anayejenga kwa kuchangachanga, nayo naiheshimu. Bora nusu paa la skrubu mwaka huu kuliko paa zima la misumari. Nunua bati zote siku moja kama unaweza, kwa sababu migongo ya kiwanda kimoja huenda isilale juu ya ya kingine. Kofia ndiyo itakayokusumbua: ifungwe vizuri kwa muda, na ifunguliwe tena upande wa pili ukifika.

3. Kuezua lote, kisha misumari ya bati

Kwa jiko la nje au banda inatosha. Kwa nyumba ya kulala karibu na pwani, hapana.

4. Kuezeka juu ya bati la zamani

Fundi atakwambia ni kazi ya siku moja, na ni kweli. Nyumba ya bibi yangu kule Wete, Pemba, ilifanyiwa hivyo. Kwa nje ilimeremeta. Tulipokuja kuifungua, msumari ulitoka kwa vidole viwili, na mbao chini yake ilikuwa laini, ikichimbika kwa ukucha kama muhogo uliochemshwa. Unyevu ulikuwa umenaswa baina ya bati mbili, kutu ya bati la chini ikapanda hadi la juu, wala hakuna aliyeiona mbao kwa miaka yote hiyo. Tulilipa bati mara mbili na kenchi juu yake. Bibi alilala ukumbini wiki tatu.

Kama paa lako la zamani ni la asbesto, mafundi wa kawaida wasilivunje wala kulikata. Vumbi lake huharibu mapafu. Na kwa nyumba ya Mji Mkongwe, anzia kwenye Mamlaka ya Uhifadhi kuomba ruhusa, kabla hujanunua hata skrubu moja.

Wakati mzuri wa kuezua ni Januari na Februari, vuli ikiwa imeshapita na masika hayajaingia. Miezi ya kusi baada ya masika nayo ni mikavu, ila upepo wake mkali hugeuza bati kuwa tanga mikononi mwa fundi aliye juu. Wakilazimika kufanya kazi miezi hiyo, waanze alfajiri, na bati zilizo chini zilazwe na kuwekewa matofali.