Miche ya vetiva kwa miteremko ya Mwanza: kinachouzwa, kinachofanya kazi na kilichotiwa chumvi

Anayejenga kwenye vilima vya Mabatini, Igogo au Bugarika hupata kiwanja chenye mawe makubwa ya matale, na katikati ya mawe hayo udongo wa kichanga uliotokana na kumeng'enyeka kwa mwamba wenyewe. Udongo huo ndio tatizo, kwa sababu chembe zake hazishikamani kama za mfinyanzi, na mvua kubwa ya masika inaposhuka huondoka nao hadi kwenye mitaro, kisha Mto Mirongo, na hatimaye ziwani. Kwa ajili ya mteremko ulio nyuma ya nyumba yangu nilinunua miche ya vetiva, majani marefu ya jamii ya nyasi yanayopandwa kushika udongo, katika kitalu kimoja cha kando ya barabara upande wa Buswelu, na kwa kuwa sasa imepitia vuli na masika, naweza kuieleza kwa haki.

Kinachouzwa ni vishina vilivyopasuliwa kutoka kwenye shina mama, kila kimoja kikiwa na machipukizi mawili au matatu, majani yaliyopunguzwa na mizizi iliyofupishwa. Asiyeyajua majani haya anaweza kudhani anauziwa mchaichai, hadi afikiche jani na kukosa harufu ya limau. Harufu ya vetiva imo mizizini. Aina inayopandwa kuzuia mmomonyoko haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haitahamia kwenye shamba la jirani, jambo ambalo mtu hawezi kuliahidi kuhusu majani mengi tunayoletewa kama dawa ya mmomonyoko.

Sifa yake kuu imo ardhini. Mizizi haitambai kwenda pembeni kama ya nyasi za kawaida, bali hushuka wima, na katika udongo mzuri inaweza kufika mita 3 au zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Udongo huhimili kugandamizwa lakini ni dhaifu sana unapovutwa, ilhali mzizi ni hodari hasa unapovutwa; tabaka la juu linapoanza kuteleza, mizizi iliyopita kutoka tabaka hilo hadi lile la chini hunyooka, hukaza, na kuuhamishia udongo tulivu wa chini sehemu ya mzigo. Mizizi membamba, ukilinganisha unene kwa unene, ni imara kuliko ile minene, na vipimo vya kihandisi vilivyotolewa mwaka 1996 viliipa mizizi ya vetiva wastani wa megapaskali 75 (kipimo cha nguvu ambayo mzizi huhimili unapovutwa kabla ya kukatika), yaani takriban sehemu moja ya sita ya uimara wa chuma laini. Kwa kichanga kisicho na mshikamano wake chenyewe, mshikamano wa kuazima kutoka mizizini ni faida kubwa kuliko ingekuwa kwenye mfinyanzi.

Juu ya ardhi, mstari uliofunga vizuri hupunguza kasi ya maji na kuzuia mchanga nyuma yake. Kwangu tayari kuna vijingazi vidogo vinavyojitengeneza juu ya kila mstari. Mimea pia hunyonya maji na kuukausha udongo, ila faida hiyo isitegemewe sana mwezi Aprili, mvua inaponyesha mfululizo na majani hayawezi kutoa hewani maji ya kutosha.

Sasa nije kwenye maneno ya muuzaji. Aliniambia, "Kaka, ukipanda hii, ukuta wa nini tena?" Hapo ametia chumvi. Mizizi hushika tabaka ambalo imelipenya, basi. Mteremko unaokatika kwa kina kuliko mizizi utaondoka na majani yake yote, na jiwe la tani kadhaa lililoegemea udongo laini halishikiliwi na majani ya aina yoyote. Palipochimbwa wima ili kupata nafasi ya kujenga, ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji bado unahitajika, na vetiva hupandwa juu yake ili kuulinda. Vilevile kwenye udongo wa nusu mita uliokalia mwamba mtupu, mizizi haina pa kushuka isipokuwa kwenye nyufa, na huko matokeo yake si ya kujivunia.

Jambo jingine ambalo kitalu hakikulisema ni kwamba vetiva huchukia kivuli. Vishina nilivyopanda chini ya mwembe vimedumaa, wakati vya juani vimeshanipita kiuno. Hiyo isiwe sababu ya kukata miti: kisiki kilichokufa huendelea kushika udongo kwa muda, kisha mizizi yake huoza, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka michache baadaye, wakati mwenye nyumba ameshasahau kwamba pana mti uliokatwa.

Kuhusu huduma, bei ya shilingi 300 kwa kishina niliiona ya haki, lakini fungu la kwanza lilikuwa limeng'olewa siku nyingi na mizizi yake imekauka, hivyo sehemu kubwa haikushika. Fungu la pili, lililong'olewa nikiona, lilishika karibu lote. Anayekwenda kununua adai ving'olewe mbele yake, avipande mvua za vuli zinapoanza, sentimita 10 hadi 15 kati ya kishina na kishina, katika mistari inayofuata usawa wa kilima na si inayoshuka nacho, na pengo lolote alizibe mapema, kwa kuwa maji hukusanyika kwenye pengo na kuchimba hapo kuliko penginepo. Mimi nitarudi kununua tena kwa ajili ya upande wa barabara, ila ukuta wa chini ya jiko nimeshampa fundi.