Pumba au majani kwa mwanakondoo dume?

Pumba za mahindi zina mvuto wake: kila kinu cha posho (unga wa mahindi) Uganda kinazo, na dume hunenepa upesi. Shida ni madini ya fosforasi. Pumba zina nyingi mno, kalsiamu kidogo, na ziada huganda kuwa mawe kwenye mkojo. Jike huyapitisha, dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba, hasa akihasiwa mapema. Utamkuta anajikamua, mkia unatikisika, mkojo unatoka matone, na manyoya ya govi yana chembe kama mchanga. Usimpe dawa ya kukojoza wala kumnywesha maji kwa nguvu, kibofu kinaweza kupasuka. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mara nyingine akikata kile kinyama chembamba cha ncha ya uume, mkojo hufunguka.

Majani hunenepesha polepole, lakini mimi nayachagua bila kusita. Kutafuna sana huongeza mate, mate hubeba fosforasi, na nyingi hutoka na kinyesi badala ya mkojo. Matete na majani ya viazi vitamu yanatosha. Ukilazimika kutumia pumba, ziwe kidogo, kalsiamu ifike mara 2 ya fosforasi, na weka chumvi ya kulamba ili anywe maji zaidi.