Seti ya penseli na makaa ya kuchorea: uzoefu wangu hapa Mombasa

Seti ninayotumia ni ile ya mfuko wa zipu: penseli kuanzia 2H (ngumu, ya mstari hafifu) hadi 8B (laini, nyeusi sana), penseli tatu za makaa, vijiti vya makaa yaliyoshindiliwa, vijiti vya karatasi vya kusugulia, raba ya kukanda, msasa na kichongeo. Mwanafunzi wa sanaa anayeanza inamtosha, ila vilivyomo havilingani kwa ubora, na unyevu wa pwani huanika udhaifu wake upesi.

Kabla ya kuchora chochote, zipime penseli. Chora miraba ya sentimita 2, mmoja kwa kila penseli, bila kukandamiza. Tangu mvumbuzi Conté wa Ufaransa alipochanganya grafaiti (madini meusi yanayoandika) na udongo mwaka 1795, ugumu wa penseli umetokana na mchanganyiko huo: udongo ukizidi unapata H, grafaiti ikizidi unapata B. Kwenye seti hii 6B na 8B zinatoa weusi unaokaribiana sana, na 2H ina chembe zinazokwaruza. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Mkwaruzo huacha mfereji kwenye karatasi, na ukipitisha kivuli juu yake grafaiti haiingii mle. Unabaki mstari mweupe usiofutika. Kwa hiyo 2H, HB na 4B natumia penseli za Mars Lumograph za kampuni ya Staedtler, zinazopatikana kwa kununua moja moja. Zilizobaki kwenye mfuko zinafanya kazi.

Kichongeo kiache. Tazama kitako cha penseli: risasi ikiwa haiko katikati, kichongeo kitaikata upande mmoja na itavunjika kila mara. Tumia kisu chenye makali, acha risasi wazi kama sentimita 1, kisha nyoosha ncha kwa msasa. Penseli za makaa ndizo zinazohitaji hivyo hasa, kwa kuwa risasi yake ni tepetepe.

Maendeleo ninayoyaona nikipanga michoro yangu ya mwanzo na ya sasa yamekuja kupitia makaa, kwa kuwa makaa hukulazimisha uone maumbo makubwa ya kivuli kabla ya mistari. Lakini makaa yaliyoshindiliwa ya kwenye seti yana gundi ndani yake. Yakishakaa kwenye karatasi hayatoki yote. Anza na makaa laini ya vijiti vya mti, yanayopanguswa kwa kitambaa tu, ndipo umalizie sehemu nyeusi kabisa kwa yale yaliyoshindiliwa. Makaa laini unaweza kuyatengeneza nyumbani: vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, vimenywe maganda, vipangwe ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, uweke juu ya jiko. Moshi ukikoma kutoka tunduni, vimeiva. Usifungue mkebe ukiwa moto. Hewa ikiingia vitawaka na kuwa majivu.

Grafaiti na makaa zinahitaji mpango. Grafaiti ikikandamizwa hung'aa, na ukiutazama mchoro kwa ubavu ule weusi unageuka kuwa kioo. Wengi hujaribu kuuficha kwa kupaka makaa juu. Hayashiki, kwa sababu grafaiti imekwisha kuulainisha uso wa karatasi. Amua mapema sehemu ipi ni ya makaa, uiache bila penseli.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ni laini mno kwa makaa. Chukua ya gramu 160 yenye uso wa kukwaruza kidogo. Kwa kuta za mawe ya matumbawe za Fort Jesus, laza kijiti cha makaa ubavu na upitishe mara moja tu: vinundu vya karatasi vinashika unga na vishimo vinabaki vyeupe, jiwe linatokea lenyewe. Ukisugua kwa kijiti cha karatasi umeliua. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale inataka mwanga wa ubavuni, basi nenda asubuhi au jioni kulingana na mlango unakotazama. Adhuhuri jua liko karibu utosini.

Msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu na kujikunja. Hifadhi daftari ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Weka karatasi safi chini ya kiganja, maana jasho huacha mafuta na makaa yakipita hapo yanatoa doa. Feni izimwe au ielekezwe kwingine. Unga uliozidi usiupulize kwa mdomo, tone la mate halitoki. Simamisha ubao na uugonge kwa nyuma.

Dawa ya kukazia, ile ya kunyunyiza ili unga ushike kwenye karatasi, haimo kwenye seti, na makaa bila hiyo hayadumu. Nyunyiza nje, umbali wa sentimita 30, tabaka mbili au tatu nyembamba, ukisubiri kila moja ikauke. Tabaka moja nzito huvuta unga ukafanya michirizi. Chagua saa kavu za mchana: siku ya mvua dawa nyingine huacha utando mweupe juu ya weusi. Spreyi ya nywele ni rahisi, lakini karatasi hugeuka njano baadaye, kwa hiyo itumie kwa mazoezi tu, si kwa kazi utakayoiwasilisha.