Miwani yenye tabaka la kuzuia mng'ao, baada ya miezi mitano
Nilinunua miwani hii katika duka moja la macho hapa Moshi kwa shilingi 140,000 pamoja na fremu, na kilichonifanya nikubali bei hiyo ni barabara ya Arusha wakati wa usiku, ambako taa za malori yanayotokea Boma Ng'ombe zilikuwa zikitapakaa katika lenzi zangu za zamani hata nikalazimika kupunguza mwendo.

Kwa kazi hiyo sina lawama. Lenzi ya plastiki isiyopakwa kitu huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso; hii imepakwa matabaka membamba mno, ambayo wimbi la mwanga linaloakisiwa juu yake hukutana na lile linaloakisiwa chini yake, na unene ukiwa sahihi mawimbi hayo hufutana. Kwa tabaka moja la floridi ya magnesi, kemikali inayotumika kupaka lenzi, unene unaofaa kwa mwanga wa kijani ni kama nanomita 100 tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Ukiinamisha lenzi ya zamani chini ya taa ya tyubu utaiona tyubu nzima, nyeupe. Katika hii utaona mstari hafifu wa kijani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mwalimu, huo ukijani ndio unaozuia mionzi ya kompyuta." Sivyo. Ukijani huo ni masalio ya mwanga ambao matabaka hayakuufuta, na ni vibaya kumwuzia mteja masalio kama dawa ya macho. Alama ya kidole pia huonekana zaidi kuliko kwenye lenzi ya kawaida, kwa kuwa mafuta yake huharibu hesabu ya unene.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni joto. Niliiacha juu ya dashibodi nilipoingia soko la Mbuyuni, na niliporudi lenzi ya kushoto ilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kwa sababu plastiki hutanuka zaidi kuliko matabaka iliyoyabeba juu yake. Duka lilikataa kuihesabu kama kasoro, likakubali kunibadilishia lenzi hiyo moja kwa nusu ya bei, na kasha gumu nikalinunua mwenyewe.