TAHADHARI: Saiti za kulipia "angalia kama una waranti" huku Marekani, usiwape kadi yako

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa miji midogo huku kwenye viwanda vya nyama, naomba mnisome mpaka mwisho, maana hili jambo limeingia mpaka nyumbani kwangu na najua kuna wenzetu wanakatwa hela sasa hivi bila kujua.

Kuna saiti kibao zinajifanya zinakutafutia waranti, yaani hati ya kukamatwa, kwa jina lako na kaunti yako. Msiwape kadi. Hiyo waranti wanayodai kukuonyesha hawana, na rekodi za kesi zenyewe mara nyingi unazipata bure mahakamani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja Iowa kwa mpango wa wakimbizi akitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Anafanya shifti ya usiku kiwanda cha nguruwe, kaunti ya mashambani kabisa, mahindi kulia mahindi kushoto. Akasimamishwa barabarani hana leseni, akapewa tiketi yenye tarehe ya kufika mahakamani. Mara akahama nyumba, barua zikawa zinaenda anuani ya zamani, na mambo ya shifti yakamchanganya, siku anakumbuka ile tarehe imeshapita wiki nzima. Mtu akamwambia kazini wewe sasa una waranti, wakikusimamisha tena unafungwa pingu mbele ya watoto. Jamani, mtu aliyekimbia vita ukimwambia neno pingu halali.

Saa nane usiku wakati wa mapumziko akachukua simu akaingia Google, akaandika jina la kaunti na neno waranti. Kilichokaa juu kabisa kilikuwa tangazo la kulipiwa, ila yeye angejuaje. Ukifungua unakuta nyota ya sherifu, bendera, jina la kaunti limeandikwa kubwa kama vile ndio ofisi yenyewe. Unaweka jina, mstari unaanza kujaa taratibu, asilimia 20, asilimia 60, "tunapitia rekodi za jela", afu skrini inageuka nyekundu: rekodi 3 zimepatikana, jiandae, unaweza kushtushwa na utakachokiona. Ukitaka kufungua wanaomba dola 1 tu. Nani atakataa kutoa dola 1 akiwa na hofu ile?

Akalipa. Ripoti yenyewe ninayo hapa, kurasa 11. Humo kuna anuani zake mbili, moja imekosewa, kuna majirani zake, na hizo "rekodi 3" ni watu watatu wenye jina kama lake, mmoja yuko Texas, mwingine Minnesota, wa tatu hata jimbo hawakuandika. Wote hao hawamhusu. Na hapa nataka mnielewe vizuri, wenzetu wengi waliopitia kambini waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu hawakuwa na cheti. Sasa chukua majina yetu haya, kina Juma, kina Hassan, kina Mariamu, weka na tarehe 1 Januari, hiyo mashine inakuunganisha na mtu yeyote. Yule wa Texas naye kaandikwa Januari mosi, na ana kesi ya wizi. Shemeji alipoona "wizi" pembeni ya jina lake alitetemeka, akanipigia analia.

Kwa waranti yake yeye, hakuna hata mstari mmoja.

Na ile dola 1 ilikuwa ya majaribio ya siku 5, maandishi ya kukuambia hivyo yako chini kabisa kwa rangi ya kijivu. Siku ya sita wakakata dola 34.95, mwezi uliofuata tena, na mwezi wa tatu tena. Mimi ndo niliona nilipokuwa namsaidia kuangalia benki ili alipe kodi.

Hizi saiti zinavyofanya kazi ni kwamba wananunua data, anuani za zamani, namba za simu, kesi za zamani za majimbo kadhaa, wanachanganya kwenye chungu kimoja wanakuuzia. Wakikwambia wanaingia mfumo wa FBI ni uongo. Mfumo wenyewe unaitwa NCIC, upo tangu 1967, na ni wa polisi na vyombo vya sheria tu, raia hauziwi. Pia hakuna daftari moja la nchi nzima la waranti ambalo mtu wa kawaida anaweza kufungua. Waranti inatolewa na jaji au hakimu wa sehemu fulani na inakaa huko huko. Tena hapa Iowa sheria inasema makaratasi ya kuombea waranti ya kumkamata mtu yawe siri mpaka akamatwe au afike mahakamani mara ya kwanza. Kitu ambacho mahakama imekifungia kabatini, saiti ya dola 1 imekiona wapi? Mwaka 2023 ile tume ya serikali ya kulinda wateja, FTC, ilizibana kampuni mbili za biashara hii zikakubali kulipa dola milioni 5.8, maana zilikuwa zinatangazia watu kwamba fulani ana rekodi ya jinai kumbe ni tiketi ya barabarani tu.

Sasa njia ya kweli. Shika ile tiketi yako, isome juu na chini, imeandikwa ni mahakama gani ya kaunti gani. Iowa ina kaunti 99 na zote ziko kwenye saiti moja ya mahakama, Iowa Courts Online, kutafuta kwa jina ni bure, hata kama kaunti yenu ina watu wachache kuliko ng'ombe. Wisconsin wana yao wanaiita CCAP, Missouri wana Case.net, hizo nazo kutafuta ni bure. Texas ni shida zaidi, kaunti 254, na tiketi inaweza kuwa ya mahakama ya mji au ya yule hakimu mdogo wa kaunti, kwa hiyo huko fuata jina lililo kwenye tiketi upige simu hapo hapo.

Ukitafuta jina usijaribu mara moja ukaacha. Majina yetu wanayageuza, la baba linakaa mbele, wengine waliingia na jina moja kwenye viza wakaandikiwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, basi kwenye kesi unasomeka FNU kama ndio jina lako la kwanza. Jaribu kugeuza, jaribu bila kistari, jaribu kama ilivyoandikwa kwenye tiketi hata kama wamekosea.

Kisha piga simu kwa karani wa mahakama. Namba yake itoe kwenye saiti ya mahakama ya jimbo, usitoe kwenye tangazo, na msidanganyike na ile ya "ukiona gov ndo salama, usipoona ni matapeli", maana kaunti nyingi ndogo mpaka leo saiti zao zinaishia na com au org. Kaunti ya shamba ofisi inaweza kuwa na watu wawili tu na mchana wanafunga wakale, we vumilia piga tena. Sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Karani hatakupa ushauri wa sheria, lakini namba ya kesi na tarehe atakwambia.

Mimi nilikaa na shemeji mezani, dakika kumi tukaipata kesi yake bure. Tukapiga simu, akapokea mama mmoja anaongea taratibu, akasema kesi iliahirishwa, barua ilitumwa, tarehe mpya ni wiki mbili mbele, hujakosa kitu, nipe anuani yako mpya. Shemeji akaweka kichwa mezani.

Kwa anayeamini kweli waranti ipo, usiende mwenyewe dirishani kwa sherifu kuuliza, wakiiona kwenye mfumo wanakushika hapo hapo. Anza na wakili, na kama huna hela na kesi inaweza kukupeleka jela omba wakili wa umma. Na kama si raia, usikubali kosa lolote kabla wakili hajakwambia litafanya nini kwenye makaratasi yako ya uhamiaji. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua wakili wako wa kesi ya jinai lazima akuambie kuhusu hatari ya kurudishwa kwenu, kwa hiyo muulize bila aibu. Kesi ya uhamiaji yenyewe haiko kaunti, hiyo unaangalia bure kwenye mfumo wa EOIR, ofisi ya mahakama za uhamiaji, kwa namba yako ya A, ile namba ya uhamiaji inayoanza na herufi A.

Halafu kuna wale wa simu. Dada mmoja wa kanisani kwetu alipigiwa na mtu anajiita naibu sherifu, namba imetokea kabisa ya ofisi ya sherifu, eti alikosa kufika kwenye jopo la mahakama (jury, wale raia wanaoitwa kuamua kesi), ana waranti, atume dola 1,500 kwa Zelle, ile huduma ya kutuma hela ya benki, sasa hivi na asikate simu. Huyu dada ana green card. Asiye raia haruhusiwi kukaa kwenye jopo. Ukiletewa barua ya jopo kwa posta unajaza kwamba si raia unairudisha, imeisha. Na hakuna sherifu anayefuta waranti kwa Zelle, kwa kadi za zawadi za dukani wala kwa mashine ya Bitcoin. Kata simu, tafuta namba ya ofisi mwenyewe, piga. Namba inayotokea kwenye simu yako wanaweza kuigiza.

Kama ulishalipa hizi saiti, kufuta akaunti yao hakutoshi. Piga benki, sema hayo makato huyakubali, omba kadi mpya yenye namba mpya. Sisi tulirudishiwa miezi miwili, wa kwanza benki walisema tumechelewa. Kisha ripoti kwa reportfraud.ftc.gov, hata kwa Kiingereza cha kuunga unga wanapokea.

Anayetaka nimsaidie kujua mahakama yake inatafutwaje aniandikie jina la jimbo na kaunti tu. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kesi kaa navyo mwenyewe, usinitumie mimi wala mtu yeyote.