Organic Maps kwa safari ya pikipiki nane, Dar mpaka Lushoto: nyota nne, moja nimebaki nayo

Nianze na kisa ili mjue kwa nini mtu mzima kama mimi nakaa naandika rivyuu ya programu ya ramani. Mwaka jana tulitoka wikiendi moja kwenda upande wa Tanga, pikipiki sita, kila mtu simu imebanwa kwenye usukani na kila mtu anafuata ramani anayoijua yeye, ya kwangu siitaji jina. Mtandao ukakata, uliporudi ile ramani ikajipangia njia nyingine kimyakimya, mi nikakata kushoto na wawili waliokuwa nyuma yangu wakanifuata, kufumba na kufumbua tupo katikati ya shamba la mkonge na jua linazama. Kama hujawahi kupotea kwenye mkonge sikuombei bana, kila njia inafanana na mwenzake, mistari imenyooka mpaka macho yanapoishia, unapiga kona nne unarudi palepale. Wenzetu wametusubiri kwenye kibanda cha chipsi masaa mawili wanajua tayari tumeshaumia.

Kwa hiyo ilipokuja ya Lushoto nikasema njia napanga mimi na kila mtu anaweka Organic Maps, asiyetaka abaki Dar.

Ni ya bure, haina matangazo, unashusha ramani mara moja ukiwa kwenye waifai, baada ya hapo hata bando liishe inakuongoza tu. Ila hilo siyo lililonikosha. Kilichonikosha ni kwamba Alhamisi usiku nilikaa nikaweka alama zangu kwa rangi, nyekundu sheli, kijani sehemu ya kula, njano sehemu ya kusubiriana, nikatoa faili nikalitupa kwenye grupu la WhatsApp, wote nane wakalifungua wakawa na vituo vilevile. Mkiwa msafara hamhitaji mtu wa kuwaambia kata kulia kata kushoto kila dakika, mnahitaji wote mjue tunakutana wapi. Tukaweka na sheria, kwenye njia panda hauondoki mpaka umwone wa nyuma yako, basi, hakuna aliyepotea.

Njia yenyewe hatukutaka kupita Chalinze, yale malori ya Morogoro road kwa pikipiki ni mateso, tukaenda Bagamoyo halafu tukaingia ile lami ya kwenda Msata, kilomita 64, halafu ndo tukashika barabara kuu, Wami, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo. Kwenye programu unaiweka Msata kama kituo cha katikati na njia inajipanga upya. Ukitaka pia unaiambia ikwepe barabara za vumbi, na hiyo kwa wenye Boxer na tairi za lami ni ya muhimu.

Sasa hapa ndo nyota moja nimeibakiza. Haina modi ya pikipiki, kuna gari, baiskeli, miguu na usafiri wa umma, kwa hiyo unatumia ya gari na masaa inayokupa ni ya gari. Haijui foleni. Haijui tochi, na ile barabara vijiji vimefuatana, kila kijiji 50, ukijisahau kidogo unasimamishwa na afande ametabasamu. Mi nilichukua muda iliotupa programu nikaongeza theluthi, na bado tukafika tumechelewa maana yule wa Yamaha DT, ile pikipiki ya zamani ya mabwana shamba, inakunywa wese vibaya na inataka na oili yake pembeni. Hapo nimejifunza kwamba sheli unazipanga kwa tenki dogo kuliko yote, siyo kwa tenki lako.

Halafu kuna kaujanja nimekagundua sebuleni. Chagua Mombo mpaka Lushoto kisha weka modi ya baiskeli, inakuchorea grafu ya mwinuko. Kilomita 33 tu lakini unapanda karibu mita 1,000. Nilipoituma ile grafu kwenye grupu watu wakanyamaza, waliokuwa wanapanga kubeba mshikaji nyuma na begi juu wakaanza kufikiria upya. Na kweli, pale Mombo nilikuwa nimeweka alama ya njano, tukasimama nusu saa injini zipoe, watu wakaangalia breki na cheni, ndo tukapanda. Kona zimejikunja, huku ukuta wa mwamba huku korongo, na Coaster zinashuka zimejaa zinakupigia honi kabla hujaziona. Soni tukasimama kwenye maporomoko tukanunua matunda, na baridi ilishaanza kuingia kwenye mikono ya jaketi, waliokuja na fulana za Kariakoo walijuta. Jumapili asubuhi tukaenda Irente kuangalia bonde lote chini, tukala mkate na jibini za kule, nyie nendeni tu.

Kitu kingine, ramani inachorwa na watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, kwa hiyo usitegemee kila sheli iwe imewekwa. Mi zangu nilizihakikisha kwa kumuuliza jamaa anayeendesha lori la Arusha. Ila uzuri ukikuta kitu hakipo unakiongeza mwenyewe humohumo kwenye simu. Wakati wa kurudi tairi ya nyuma ya mmoja wetu ililala Mombo, kuna fundi pancha yupo chini ya mti, kamaliza dakika ishirini na kadai hela ya kawaida kabisa japo aliona kofia zetu za bei. Nimeshamweka kwenye ramani.