Mnada wa mtandaoni ulinipandishia bei ya Pijo, kisha nikaulizwa kama nataka gari au nataka hesabu

Kama uko Mombasa na unasaka gari la zamani kwenye minada ya mtandaoni, soma hapa kabla hujatuma amana. Nilisubiri hasira inishuke ndipo niandike. Haikushuka, basi naandika nayo.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 steshenwagoni, ile Pijo ya safu tatu za viti iliyokuwa ikibeba abiria wa safari ndefu kabla Nissan hazijatawala barabara. Mambo ya ukubwa wa injini sitayaeleza, anayeijua Pijo anayajua. Nataka kueleza bei: vipi ilifika pale ilipofika, na vipi nilijibiwa nilipoiulizia.

Nchi hii huruhusiwi kuingiza gari lililopita miaka minane. Huko Uingereza na Japani magari ya kale yanadiwa kila wakati, sisi twatazama picha tu. Kwa hiyo Pijo tulizo nazo ni hizi hizi zilizobaki, na huku pwani kila msimu chumvi inazila kidogo zaidi. Matokeo yake ni kwamba hazina bei ya kitabu. Gari la kawaida utazunguka yadi mbili tatu ujue linauzwaje. La kale, bei yake ni pale watu wawili wanaolitaka kweli wanaposhindana na mmoja wao akachoka. Hiyo ndiyo faida ya mnada, wala sina ugomvi nayo. Lakini akitiwa wa tatu asiyelitaka gari, kazi yake ni kukusukuma tu, pale hakuna bei tena. Pana namba tu kwenye skrini.

Kabla ya kuweka dau lolote nilikwenda kuiona. Picha zao zilipigwa gari likiwa limetoka kuoshwa, bado lina maji, na gari lililolowa hata rangi iliyokufa hung'aa. Nikamchukua fundi wangu wa Majengo tukaenda yadi, upande wa Changamwe. Akalala chini, akapitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango. Upande wa kushoto sumaku ikakataa kushika: fila, ile lipu inayozibia kutu chini ya rangi. Sakafu ni nzima, na chini ya kioo cha mbele hakujatoboka. Namba ya injini na ya chesisi zote zikalingana na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Hilo kwa gari la umri huu ni jambo kubwa, kwa sababu Pijo nyingi zilishabadilishwa injini. Nikatoa gharama ya kulehemu, nikatoa rangi, nikatoa mipira ya milango, nikapata dari yangu: laki nne na nusu. Zaidi ya hapo, hata shilingi.

Siku ya kufunga, karibu mnada wote tulikuwa wawili. Mwenzangu alikoma kwenye laki tatu na kumi, mimi nikiwa juu na laki tatu na ishirini. Zikabaki dakika chache. Hapo ndipo alipozuka mtu mpya, jina limefichwa isipokuwa herufi mbili. Nikiweka dau, yeye huongeza elfu kumi. Nikiweka tena, yeye tena, papo hapo, hata ukurasa wangu haujamaliza kufunguka. Hakuruka hata mara moja, hakusita hata mara moja. Nikafika kwenye dari yangu, laki nne na nusu. Akaweka laki nne na sitini. Nikaacha. Gari likaenda kwake, nami nikalala na roho nzito lakini safi, maana nimeshindwa kihalali.

Asubuhi simu ikalia. Binti wa pale mnadani. "Mzee, hongera! Mshindi amejiondoa. Gari ni lako kwa dau lako la mwisho."

Nikamwambia polepole, kwa adabu zote: mwanangu, nimefurahi, lakini dau langu la mwisho nililiweka nikishindana na huyo aliyejiondoa. Kama yeye hayupo tena, basi na hatua alizonipandisha hazipo. Turudi alipoachia mtu wa kweli, laki tatu na kumi, niongeze yangu kumi, nilipe laki tatu na ishirini leo hii.

Kimya. Kisha akampa simu mkubwa wake. Nikarudia maneno yale yale. Bwana yule hakunijibu hoja hata moja. Akasema: "Mzee, wewe unataka gari ama unataka hesabu?"

Nimekuwa karani wa mizigo Kilindini sehemu kubwa ya umri wangu. Hesabu ndiyo iliyosomesha wanangu. Nimewahi kusimama juani na manahodha na mawakala tukibishana magunia, na hakuna aliyenijibu kwa dharau kama ile. Na hata kama ningekuwa sijui kujumlisha, laki moja na elfu thelathini si upuuzi wa mzee. Ni lehemu yote, na rangi yote, na baki.

Akaongeza kwamba nina mpaka saa kumi jioni, la sivyo amana yangu inakwenda. Amana ya mnada ambao wao wenyewe usiku uliopita walinitumia ujumbe kwamba nimeshindwa! Hilo mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza.

Hivi si kwamba minada ya mtandaoni lazima iwe hivi. Marekani upo mmoja uitwao Bring a Trailer. Ukiweka dau ndani ya dakika mbili za mwisho, saa inarudishwa dakika mbili, kwa hiyo hakuna wa kuvizia sekunde. Chini ya kila gari watu wanachambua hadharani, huyu aona kutu, yule auliza namba, na muuzaji anajibu mbele ya wote. Januari 2020 iliuzwa pale Datsun 240Z ya 1971 kwa dola 310,000. Ni aina ile ile aliyoshindia dereva Shekhar Mehta mbio za magari za Safari Rally mwaka 1973. Bei ya kukausha mate, lakini kila hatua iliyoipandisha imeandikwa, na yeyote aweza kuisoma. Hawa wetu, mnada ukifungwa tu ukurasa wa madau unatoweka. Kwa nini utoweke?

Nilimpigia fundi. Akanisikiliza, akasema, "Ami, kweli wamekuonea. Lakini ukiiacha hii, nyingine yenye namba zake utaipata wapi?" Nikalipa. Saa kumi kasorobo.

Sasa nisikilizeni, maana mimi si mtu wa kudhulumu. Gari ni zuri. Ni zuri mno. Nilipolitoa Changamwe nikavuka Makupa, gia ya usukani inaingia bila kelele, matuta inayapita bila kunitikisa, nikajua kwa nini Pijo 504 ilishinda Safari 1975 na tena 1978. Pale Mwembe Tayari mzee mmoja alinisimamisha katikati ya magari, akaweka kiganja kwenye boneti, akaniambia aliendesha moja kama hii njia ya Malindi mpaka ikauzwa chuma chakavu. Honi nyuma yetu zinalia na yeye hana habari. Nikampakia tukazunguka mpaka Tononoka. Wallahi siku ile laki nne na nusu niliiona ndogo.

Na kwa haki, logibuku ilikuwa safi. Kuhamisha umiliki kulimalizika kwenye simu, kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, bila kumwona wakala wala kutoa cha juu. Binti yule wa kwanza alinipigia mwenyewe kuhakikisha imefika, akaniomba radhi kwa sauti ya chini kwa lugha ya mkubwa wake. Mungu ambariki. Ndipo nikawa nimeandika kwenye rasimu yangu nyota nne, na neno "wasamehewe".

Nimelifuta. Juzi juzi nilikuwa naangalia Land Rover moja kwenye mnada ule ule, si ya kununua, ya kufurahisha macho. Dakika za mwisho zikazuka herufi zile zile mbili. Elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi, papo hapo. Yule aliyekuwa akishindana naye akakoma, na herufi zikashinda. Kabla wiki haijaisha gari lile lile lilikuwa limeandikwa limeuzwa, kwa bei ya yule aliyekoma. Siwezi kumshika mkono mtu nisiyemwona, na sitasema ni nani. Lakini mtu gani huyu anayeshinda kila gari na halichukui hata moja?

Kwa hiyo ni nyota moja, na hiyo moja ni ya yule binti.

Kwa wanaodhani haya ni malalamiko ya mtu aliyezidiwa mnadani: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamkataza muuzaji kuweka dau mwenyewe au kumtuma mtu amwekee, ila awe ametangaza kwamba ana haki hiyo. Akifanya kwa siri, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya ulaghai. Nimepitia masharti yao yote neno kwa neno, tangazo kama hilo halimo. Na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua. Nimewaandikia barua kuomba orodha kamili ya madau ya Pijo yangu, na saa ya kila dau. Barua nimeipeleka mwenyewe yadi, wakagonga muhuri. Bwana yule alikuwepo. Hakunitazama usoni.

Wakinipa orodha nitakuja kusema hapa, na ikionyesha kwamba yule ni mtu wa kweli nitasema hivyo pia. Kwa sasa, ukiwa kwenye mnada wao na mtu akaanza kukupandia kumi kumi bila kupumua, acha kubonyeza. Piga picha ya skrini, kila dau, kabla hawajaufunga ukurasa. Wakikupigia simu asubuhi kukuambia mshindi amejiondoa, wape bei ya mahali ulipoachana na mtu wa kweli. Mwambieni na yule bwana kwamba ndiyo, twataka gari, na hesabu pia.